Namna ya kumchambua Orual bila kudanganywa na simulizi yake

Till We Have Faces, riwaya ya C. S. Lewis ya 1956, imeandikwa kama mashtaka. Orual anaishtaki miungu kwa kumnyang'anya mdogo wake Psyche, na ndiye msimulizi pia. Mlalamishi gani hujipunguzia haki? Usimwamini haraka.

Sehemu ya kwanza ina sura 21, ya pili 4 tu. Kikundi cha usomaji kinachokutana jioni katikati ya Nairobi, kila mtu akiwazia matatu ya kumrudisha nyumbani, kipange vikao vinne: vitatu vya sura saba saba, cha nne sehemu ya pili peke yake. Ukiibana sehemu hiyo utakosa pale mashtaka yanapomgeukia mwenyewe.

Chora safu tatu daftarini: anachosema, anachotenda, anayeumia. Chukua kisa cha jambia. Psyche anakataa kuwasha taa amwone mumewe, mungu anayemjia gizani. Orual anajichoma mkono kwa jambia hilo, kisha anaapa kumuua Psyche na kujiua. Safu ya kwanza: "namwokoa." Ya pili: anayafanya mapenzi ya mdogo wake kuwa rehani. Ya tatu: Psyche anafukuzwa na kutangatanga akilia. Rudia zoezi hilo kwa Bardia, kapteni wa walinzi, ambaye Orual, akiwa malkia, alimweka kazini hadi usiku. Mjane wake Ansit ndiye anayemwambia Orual ukweli. Redival, dada yao mwingine, naye ana mistari michache. Jiulize nani aliyeipunguza.

Waliozoea jedwali la sifa za mhusika kwa ajili ya mtihani huandika "ana wivu" na kufunga daftari. Hapo wanamsoma Apuleius, mwandishi wa kale wa Kirumi ambaye Lewis anakisimulia upya kisa chake cha Psyche: kwake, dada wanaliona jumba la Psyche na kulionea kijicho. Lewis amelificha jumba machoni pa Orual, isipokuwa mara moja, alfajiri, kwa muda mfupi tu. Na jambo hilo hamwambii mwalimu wake, Mbweha. Pigia mstari ukimya huo. Una uzito kuliko kilio chochote.

Ushungi ambao Orual anafunikia uso ufuatilie kivyake: anauvaa lini, unavuliwa wapi.

Aya ya kujitambua iandike mwisho, na usiseme "anatubu". Onyesha anavyosimama uchi mbele ya hakimu, akisoma kijitabu kichakavu cha mashtaka yake, tena na tena, hadi anaitambua sauti inayosoma kuwa yake. Hakimu anamuuliza kama amejibiwa. Anasema ndiyo, ilhali hakuna mungu aliyefungua kinywa.