Gari la saluni la zamani na gari la spoti jipya zaidi: namna ya kuyapima kabla ya kununua

Mwaka wa kutengenezwa na kilomita za kwenye dashibodi havitoshi kuamua. Saluni, yaani gari la kawaida la abiria lenye buti, yenye kilomita 180,000 na iliyobadilishiwa oili kwa wakati inaweza kuwa na injini nzima kuliko gari la spoti la kilomita 60,000 lililozoea kukimbizwa kabla injini haijapata moto.

Yakague yote mawili injini zikiwa baridi. Ukifika ukakuta boneti ina joto, omba kurudi siku nyingine, kwa sababu injini iliyokwishapashwa huficha mengi. Washa huku mwenzako akitazama ekzosi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua: mipira ya valvu, ringi za pistoni, au turbo kama ipo. Moshi mweupe usiokatika, tena maji ya rejeta yanapungua, shuku gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo kilicho kati ya kichwa cha injini na bloku. Mvuke mwepesi unaopotea baada ya dakika chache ni kawaida.

Kwenye saluni, umri hula mipira kwanza. Bushi za miguu ya gari, mipira ya boljointi (maungio ya magurudumu), paipu za rejeta na maunti (vishikio) za injini huchakaa hata gari likiwa limeegeshwa. Pita kwenye matuta polepole, vioo vimeshushwa, redio imezimwa. Kila mgongano utausikia. Kama injini inatumia mkanda wa taimingi, unaofanya valvu na pistoni ziende kwa mpangilio, dai risiti ya kuubadilisha. Ukikatika, kwenye injini nyingi pistoni hugonga valvu, na hapo gharama inaweza kuzidi thamani ya gari.

Gari la spoti lianzie chini. Soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zungusha usukani hadi mwisho, kisha pitisha kiganja kwenye ukingo wa ndani wa tairi. Ukingo huo huisha kabla ya mwingine, na ukisimama nje unaona kashata (mifereji ya tairi) bado nzuri. Nchi nyingi huruhusu kina cha kashata kishuke hadi milimita 1.6, lakini barabara ikilowa, chini ya 3 ni hatari. Tairi za nyuma zikiwa pana kuliko za mbele huwezi kuzibadilishana, hivyo utanunua mapema zaidi. Diski za breki zipime kwa vernia (kifaa cha kupimia unene), ulinganishe na unene wa chini uliochongwa kwenye diski yenyewe.

Yote mawili yaunganishe na mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Ikionyesha hakuna kosa lakini majaribio ya ndani, ambayo kompyuta hujifanyia gari likiendeshwa, hayajakamilika, huenda kumbukumbu imefutwa karibuni, au betri ilichomolewa. Endesha siku chache, upime tena.

Kuhusu nguvu, gawanya uzito kwa nguvu za farasi: kilo 1,400 kwa 140 ni 10, kilo 1,500 kwa 300 ni 5. Kadiri namba inavyopungua, ndivyo gari linavyochomoka. Ila kama una familia, beba kiti cha mtoto ukajaribu kukifunga nyuma kabla hujatoa hata malipo ya awali.