Jinsi ya kupima haki katika mtoano wa futiboli ya vyuo vya Marekani

Kwanza tenganisha maswali mawili: nani anaingia, na nani analipwa kiasi gani. Kelele nyingi huwa kwenye la kwanza. La pili huwa limeshaamuliwa kabla mpira haujachezwa.

Kwa swali la kuingia, chukua orodha ya mwisho ya kamati ya watu 13 inayochagua timu 12 za mtoano, inayotoka Desemba baada ya fainali za ligi. Kwa kanuni za msimu wa 2025, weka alama kwenye kila bingwa wa ligi, kisha shuka kutoka juu hadi upate mabingwa watano. Hao wameingia, hata kama wako nje ya 12 bora. Nafasi saba zilizobaki wape wanaofuata kwa orodha. Hapa ndipo wengi hukosea: kuwa wa 11 si kufuzu. Notre Dame ilimaliza ya 11 ikabaki nje, Tulane na James Madison zikapita kwa ubingwa zikiwa chini yake kabisa. Duke nayo ilitwaa ubingwa wa ACC, moja ya ligi nne kubwa, lakini kwa kuwa ilikuwa imefungwa mechi tano, haikuwa miongoni mwa mabingwa watano wa juu.

Usichanganye misimu. Mwaka 2024 timu nne zilizoruka raundi ya kwanza zilikuwa lazima ziwe mabingwa, ndiyo maana Boise State, ya 9 kwenye orodha, ilipangwa ya 3. Zote nne zilitolewa robo fainali. Mwaka 2025 upangaji ukafuata orodha moja kwa moja.

Kisha uliza: timu iliyoachwa ingeweza kufanya nini zaidi? Kwa Florida State ya 2023, bingwa wa ACC aliyeshinda mechi 13 kati ya 13, jibu ni hakuna. Mfumo wa timu nne uliotumika wakati huo ulifeli kipimo hicho waziwazi.

Sasa fedha. Malipo ya msimu wa 2024 yalikuwa dola milioni 4 kwa kufuzu, 4 kwa kufika robo fainali, 6 nusu fainali na 6 fainali. Usiandike kwamba Boise State ilipata milioni 8. Zililipwa kwa ligi yake, na ligi hugawa kwa kanuni zake. Notre Dame haina ligi katika futiboli, hivyo chake ni chake.

Fungu kubwa lakini ni mkataba wa matangazo na televisheni ya ESPN wa kuanzia 2026, takriban dola bilioni 1.3 kwa mwaka. Kati ya ligi kubwa, SEC na Big Ten zinachukua kama asilimia 29 kila moja, ACC 17, Big 12 15, na ligi ndogo zote kwa pamoja karibu 9. Usiishie kwenye asilimia. Gawa kwa idadi ya vyuo. Utapata takriban milioni 21 au zaidi kwa chuo cha Big Ten au SEC, na takriban milioni 1.8 kwa chuo cha ligi ndogo. Linganisha na kikomo cha chuo kimoja kulipa wanamichezo wake kwa mwaka 2025-26, milioni 20.5: wa kwanza anakimaliza kwa fungu hili pekee, wa pili hafikii hata sehemu ya kumi.