Kichwa cha treni kisitoke kama friji

Mwezi wa sita mpwa wangu anayeishi Chicago alinitumia picha kwa WhatsApp, huku kwetu ikiwa saa nane za usiku. "Shikamoo mjomba. Nimepiga hiki kichwa cha treni cha zamani, nimejitahidi kweli, lakini mbona kimetoka kama friji?" Nikaitikia marahaba, nikapapasa miwani. Hakukosea. Friji nzuri, imesimama juu ya reli, ubavu umeng'aa wote bila hata mkunjo, na mbele giza tupu.

Mimi nina studio ndogo hapa Tabora, jirani na soko. Kinacholipa kodi ya pango ni pasipoti na harusi. Treni ni ugonjwa wangu binafsi, na nimeugua zaidi ya miaka thelathini. Jibu nililompa yule binti lilikuwa la sauti, refu, na bodaboda zinapiga kelele nyuma yangu. Hapa nimelipanga vizuri kidogo, kwa yeyote mwenye kamera au simu na hamu ya dizeli za zamani.

Kwanza ujue unapiga mwili wa namna gani. Yeye alikuwa amepiga F40PH, kichwa cha nguvu farasi 3,000 ambacho Amtrak, shirika la treni za abiria la Marekani, walianza kukitumia mwaka 1976, na treni za abiria za Metra hapo Chicago bado zinavutwa na vya ukoo huo. Mwili wake ni boksi. Bati limefunika upana wote, kuanzia kwa dereva hadi nyuma, na njia ya kupita fundi imo humo ndani, hanyeshewi. Kabla yake ilikuwepo FP45 ya mwaka 1967, ambayo Santa Fe, kampuni ya reli ya Marekani, waliitaka kwa sababu hawakupenda treni zao za heshima zivutwe na kitu chenye sura ya kubeba mizigo. Bati lenyewe ni kanzu tu. Uzito unabebwa na fremu ya chini. Ndiyo maana linaweza kuwa tambarare namna ile, na ndiyo maana linawatesa wapiga picha.

Vya kwetu vina bonneti. Vile vyenye namba zinazoanzia 88 vilitengenezwa Montreal, Canada, aina ya MX620, vya kwanza vikaja mwaka 1972 enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, na shirika lile lilipovunjika mwaka 1977 vikabaki upande wetu. Bonneti ni nyembamba, kijia kiko nje, kuna vishikio, ngazi, milango midogo midogo ya injini. Kila kimoja kinatupa kivuli chake, kwa hiyo hata ukipiga kivivu picha inapata umbo. Boksi halikupi zawadi hiyo. Tazama ukuta wa nyumba uliopakwa chokaa: saa saba mchana ni mweupe basi, lakini saa kumi na mbili jioni, jua likiupitia kwa ubavu, unaona kila kovu la mwiko wa fundi. Kichwa cha boksi ni ukuta huo. Unataka mwanga unaokiparaza, ili viungo vya bati, nyavu za hewa na bolti vitokeze.

Sasa jua lenyewe. Hapa ndipo nilipopotea miaka mingi, kwa sababu maelekezo karibu yote niliyosoma yameandikwa na watu wa kaskazini ya dunia. Wanakuambia simama kusini mwa reli. Kwa mpwa wangu ni sawa, Chicago jua la mchana liko kusini mwaka mzima. Tabora iko nyuzi tano tu kusini mwa ikweta, na jua letu linahama upande. Kuanzia kama wiki ya pili ya Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, mchana liko kaskazini; miezi iliyobaki liko kusini. Reli ya kwenda Kigoma inaelekea magharibi, kupita Urambo, Kaliua, Nguruka, Uvinza. Basi mwezi wa sita simama upande wa kaskazini wa reli, mwezi wa kumi na mbili vuka uende kusini. Kuna kichwa nilikipiga Julai upande wa kusini, ubavu mzima kama masizi ya sufuria, na nilikuwa nimesubiri kwa muda wa saa nne.

Treni inayotoka Kigoma kuja Tabora asubuhi inalitazama jua usoni. Hiyo ndiyo ya kuwahi. Mwezi wa sita jua linachomoza kaskazini mashariki, kwa hiyo linapiga pua ya kichwa barabara na wakati huohuo linauparaza ubavu wa kaskazini. Ile inayoondoka Tabora kwenda Kigoma iweke kwenye mipango ya jioni. Ukiichukua asubuhi uso wake uko kivulini, na usipoteze chaji. Reli ya Mwanza inapanda kaskazini, hesabu zake ni nyingine: asubuhi simama mashariki yake, jioni magharibi, imekwisha.

Na saa ya ukutani inadanganya. Saa za Afrika Mashariki zinafuata mstari ulio mashariki mwetu sana, kwa hiyo hapa Tabora jua linafika juu kabisa karibu saa saba kasoro dakika kumi, na Kigoma ni kama saa saba kamili. Mtu wa Dar akikuambia "mwanga mzuri unaisha saa mbili na nusu", wewe ongeza nusu saa. Mwezi wa sita jua linachomoza hapa ikikaribia saa moja. Nafanya kazi mpaka saa tatu, kisha naenda kufungua studio. Jioni narudi saa kumi na moja. Agosti na Septemba, watu wanapochoma majani, hewa inajaa moshi na jua linakuwa kama yai la kienyeji. Wengine hawapendi. Mimi napenda, maana mwanga unalainika na mabati hayang'ai kupita kiasi.

Mahali pa kusimama: tafuta mahali pa juu. Wenzetu wana madaraja, sisi tuna vichuguu. Kichuguu cha miomboni kinaweza kumpita mtu kimo, na ukiwa juu yake unaona paa la kichwa, feni zake, bomba la moshi. Kwa boksi hili ni muhimu kuliko yote, kwa sababu ubavu hauna kitu na utajiri wake wote uko juu ya paa. Nilimwambia binti atafute daraja la waenda kwa miguu. Ila kabla hujapanda kichuguu kikague. Mwaka mmoja, mvua za Februari, nilipanda changu nje kidogo ya mji, nikatulia, nikasikia honi kwa mbali, nikainua kamera, na hapohapo siafu wakanifikia magotini. Treni ilipita nikiwa navua suruali. Nina picha nne za siku ile: tatu za mawingu, moja ya kiwiko changu.

Usisimame kwenye tuta la kokoto wala karibu na mataluma, yale magogo yanayolaliwa na reli. Kichwa ni kipana kuliko reli, na treni ya mizigo inaweza kuwa na turubai lililolegea au mnyororo unaoning'inia. Mimi nakaa mbali kiasi kwamba ningejikwaa na kuanguka kifudifudi nisingeifikia reli. Stesheni nako usijiweke katikati ya njia mbili. Tabora ndipo treni ya abiria kutoka Dar inapogawanywa, mabehewa ya Kigoma huku, ya Mwanza kule, ya Mpanda kwingine, na behewa linalosukumwa linakuja kimya kama paka.

Halafu ruhusa. Nenda kwa stesheni masta mapema, si treni ikiwa inaingia. Salimia, jitambulishe, onyesha picha zako, eleza utasimama wapi. Niliwahi kwenda stesheni moja bila kumwambia mtu. Mlinzi akanikalisha kwenye benchi mpaka treni ikaondoka, na nikafuta kadi nzima mbele yake, pamoja na harusi ya watu. Kosa lilikuwa langu, lakini maelezo kwa bibi harusi ndiyo yaliniumiza.

Ratiba soma, ila usiiamini peke yake. Dalili yangu ya uhakika ni wauza karanga. Wakiwa wamekaa, mabeseni chini, wanasukana nywele, na wewe kaa. Wakianza kufunga khanga viunoni na kuinua mabeseni, washa kamera.

Kamera yangu ni Canon ya mtumba yenye lenzi ya milimita 18 hadi 135. Asubuhi ya jua safi naanza na ISO 400 (wepesi wa kamera kunasa mwanga), tundu la lenzi f/8, shata 1/800 ya sekunde. Treni ikienda kilomita 50 kwa saa inasogea karibu mita 14 kila sekunde. Kwa shata ya 1/125 kichwa kimeshasogea sentimita 11 na namba zake zimekuwa uji, lakini kwa 1/800 hakijafikisha hata sentimita 2. Usiiachie kamera ipime mwanga yenyewe. Anga la Tabora ni kali, kamera inaliogopa, inakiacha kichwa gizani. Ni tatizo lilelile la bwana harusi mwenye suti nyeusi aliyesimama na shela jeupe kwenye jua. Mimi napima kwenye majani makavu yaliyo upande uleule unaopigwa na jua, nafunga hapo, sigusi tena. Fokasi naiweka mapema kwenye taluma moja niliyoichagua. Kichwa kikifika hapo, nabonyeza.

Mwenye simu, futa kwanza lenzi na shati. Ishike kwa ulalo. Usitumie ile lenzi pana ya 0.5, inavimbisha pua ya kichwa kama uso kwenye selfi ya karibu. Rudi nyuma, tumia 2x, na ubonyeze mfululizo. Bonyeza kidole kwenye ubavu wa kichwa kingine kilichoegeshwa, au hata kwenye ukuta, ushikilie mpaka mwanga ujifunge.

Pozi la kawaida ni pua na ubavu kwa pamoja, pua ichukue kama theluthi ya upana. Kwa bonneti unaweza kucheza, hata ukikaa karibu kuitazama mbele tupu inapendeza. Kwa boksi usiende mbele tupu. Utapata mlango wa friji. Ukae pembeni zaidi mpaka mstari wa paa ukimbie kwenda mbali, na uache nafasi mbele ya treni ili isionekane imegonga ukingo wa picha.

Kitu kimoja cha vichwa vya 88 ambacho sichoki nacho ni kuondoka. Injini yake ni ya ukoo wa Alco, kampuni ya Marekani, silinda 12, na dereva akifungua mafuta, tabo, ile feni inayosukumia injini hewa, inachelewa kidogo kushika kasi. Katika ule ucheleweshaji mafuta yanazidi hewa, na moshi mweusi unapanda wima kama mti. Unadumu sekunde chache tu. Kwa hiyo usielekeze lenzi kwenye magurudumu ukisubiri yazunguke. Sikiliza: honi, breki zinaachia kwa mfoko wa hewa, mgongano wa viunganishi unapita behewa hadi behewa. Ukisikia huo mgongano, bonyeza. Acha anga ya kutosha juu, mara mbili ya kimo cha kichwa. Mimi nimekata ncha za moshi mara nyingi kuliko nitakavyo kukiri.

Usipige fleshi kuelekea kwa dereva, hata mchana. Na abiria madirishani ni watu, siyo mapambo. Mama anayenyonyesha mwachie nafasi yake.

Binti nilimpa kazi mbili. Ya kwanza, aache mchana, asimame kaskazini mwa reli inayokwenda magharibi hadi Aurora jua likiwa limebakiza saa moja kuzama, maana mwezi wa sita jua la huko linazama kaskazini magharibi. Ya pili, aende Union, Illinois, kwenye jumba la makumbusho la reli, ambako ipo FP45 namba 92 ya Santa Fe. Ikiwa imeegeshwa nje, anaweza kuizunguka na kuona mwanga unavyougeuza ubavu saa baada ya saa. Hiyo shule mimi sikuipata. Picha ya pili aliyotuma ilikuwa na nyavu za hewa zinazohesabika moja moja na kivuli cha kila kiungo cha bati. Kona ya chini kulikuwa na kidole chake, lakini nikaisamehe.

Mwisho, chapisha. Picha iliyobaki kwenye simu haimsaidii mtu wa reli. Kila nikipata nzuri natoa nakala mbili za saizi ya postikadi, nyuma naandika tarehe na namba ya kichwa, na nampelekea dereva treni ikirudi. Mmoja aliigeuzageuza, akaiweka ndani ya kofia, halafu akiwa ameshashika ngazi akaniuliza kama naweza kumtolea nyingine, ya mama yake aliyeko Urambo. Niliitoa jioni ileile. Safari iliyofuata alipunguza mwendo kwenye kichuguu changu, na aliposogea nilipo akapiga honi.