Pampu ya haidroliki ikilia, anzia kwenye oili

Buldoza ikianza kulia upande wa haidroliki (mfumo unaoendesha bleidi kwa msukumo wa oili), usikimbilie kufungua pampu. Mara nyingi inanyonya hewa au imenyimwa oili.

Shusha bleidi chini, kisha tazama oili. Povu ni hewa. Weupe wa maziwa usiotoka hata mashine ikilala usiku kucha ni maji, na hiyo ni kazi nyingine.

Hewa huingilia upande wa kunyonya, yaani kati ya tangi na pampu, na hapo ndipo wengi wanapotea, kwa sababu mpira (hozi) wa upande huo hauonyeshi tone la oili: penye ufa unavuta, hautemi. Injini ikiunguruma taratibu, paka grisi nzito kwenye klipu na maungio, moja baada ya jingine. Mlio ukibadilika, umepata.

Mlio mwembamba usiokatika, bila povu? Pampu ina njaa. Kagua chujio la kunyonya, mpira uliobonyea, na kipumulio cha tangi, yaani tundu lake la kupitishia hewa (vumbi la saiti hukiziba kweli). Mashine ikiwa imezimwa, legeza mfuniko wa tangi polepole. Hewa ikivutwa kuingia ndani, kipumulio kimeziba.

Ukikuta chenga za chuma kwenye filta, hapo sasa fungua pampu.