Kujifunza Kijerumani kwa kuzungumza na wazee

Ukiwa Ujerumani na lugha bado inakupiga chenga, makao ya wazee yana walimu wenye muda. Piga simu kwanza, uombe saa tisa alasiri, wakati wa kahawa na keki. Kaa mbele ya mzee, kama mita moja, mwanga ukuangukie usoni, televisheni izimwe. Usipige kelele: uzeeni masikio hupoteza kwanza sauti nyembamba, kama s na f, na kelele hazizirudishi. Sema polepole, kwa sauti nzito. Asipoelewa, badilisha maneno. Mwite Frau (Bi.) au Herr (Bw.) na jina la ukoo. Kumwita bibi, kwetu heshima, huko huweza kumkera. Muulize ya ujanani, si ya jana. Nusu saa yatosha.