Jinsi ya kufuatilia msimu mzima wa timu ya kikapu ya chuo Marekani bila kupotea njiani

Kila mwaka ikifika Machi watu wanajaza breketi zao (zile karatasi za kubashiri nani atashinda kila mechi ya mashindano makubwa ya vyuo), wanashangilia timu ambayo wiki moja nyuma hata jina walikuwa hawalijui, alafu Aprili ikiingia wanasahau kila kitu mpaka Machi nyingine. Siwalaumu, raha ipo, ila ni kama kuingia kwenye muvi dakika ishirini za mwisho, unaona mtu analia na hujui analilia nini. Kikapu cha vyuo kinanoga ukichukua timu moja, moja tu, ukakaa nayo toka Novemba mwanzoni mpaka siku inatolewa. Naeleza hapa ninavofanya mimi, na kitu nachotaka ukishike mapema ni kwamba ile rekodi ya kushinda na kufungwa inayoandikwa pembeni ya jina la timu ndo inadanganya kuliko kitu kingine chochote kwenye mchezo huu.

Kwanza chagua timu. Daraja la juu la wanaume la NCAA (chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani), Division I, lina timu zaidi ya 350 zilizogawanywa kwenye ligi mbalimbali, ukijaribu kuzifuata zote utachoka kabla ya Krismasi. Usikimbilie Duke au Kansas kisa umeyasikia majina, hao Novemba wanashinda mpaka unasinzia. Tafuta timu ya katikati kwenye ligi kubwa, au timu ngumu ya ligi ndogo, huko kila mechi ina uzito. Au fuata moyo tu. Mimi UConn, chuo cha Connecticut, niliipenda kwa ajili ya Hasheem Thabeet, dogo wa Dar aliyecheza pale toka 2006 mpaka 2009, alafu Memphis Grizzlies wakamchukua namba 2 kwenye drafti, pale timu za NBA zinapochagua wachezaji wapya. Machi 12, 2009 UConn yake ilicheza na Syracuse pale Madison Square Garden, ovataimu sita, sita bana, Syracuse akashinda 127-117. Na hiyo ilikuwa robo fainali ya mashindano ya ligi yao ya Big East tu. UConn aliyefungwa usiku ule wiki chache baadae alikuwa Final Four, yaani timu nne za mwisho za mashindano ya Machi. Ndo maana nasema kufungwa kwa chuo sio lazima kuwe na maana unayoidhani.

Ukishachagua, Oktoba kaa na orodha ya kikosi. Zamani ilikuwa rahisi, mchezaji unamjua mwaka wa kwanza anaonewa, mwaka wa nne ni nahodha. Toka 2021 mchezaji anaweza kuhama chuo akacheza hapohapo bila kukaa nje mwaka mzima, na Julai 1 mwaka huohuo wakaruhusiwa kuingiza hela kupitia majina na picha zao, na kuanzia msimu wa 2025-26 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa moja kwa moja. Matokeo yake kuna timu inaanza Novemba na watano ambao hata mmoja hakuwepo Aprili. Kwahiyo kumbukumbu ya mwaka jana usiitegemee. Chukua orodha, kila jina weka alama: huyu amebaki, huyu kahamia (na ametoka ligi gani, maana pointi 18 kwenye ligi ndogo sio pointi 18 kwenye Big Ten), huyu ndo kwanza katoka sekondari. Alafu jumlisha dakika za waliobaki. Kama dakika nyingi zimerudi, timu itaanza vizuri hata kama vipaji ni vya kawaida. Na mimi pointi gadi (yule anayepandisha mpira na kuongoza wenzake) wa miaka 22 au 23 nampa uzito kuliko dogo wa miaka 18 anayesifiwa kila kona, dogo atakufurahisha ila dakika ya mwisho ugenini, watu elfu kumi wanampigia kelele, mpira unamtoka mkononi.

Sheria, kama umezoea NBA, ziko tofauti kidogo na usipozijua utapiga kelele peke yako. Mechi ni nusu mbili za dakika 20, hakuna robo. Saa ya kurusha ni sekunde 30. Faulo tano unatoka. Halafu kuna ile inayoua watu: timu ikifikisha faulo ya saba kwenye nusu, mpinzani anapewa mtupo huru wa masharti, ukifunga wa kwanza ndo unapewa wa pili, ukikosa basi mpira uko hai kila mtu anagombania. Ikifika faulo ya kumi inakuwa mitupo miwili bila masharti.

Hii nikuoneshe kwa karibu maana bila hiyo huwezi kuelewa Machi. 2024, nusu fainali ya mashindano ya ligi ya ACC, Virginia anaongoza NC State kwa pointi tatu, zimebaki sekunde kama tano. Mchezaji wa Virginia anasimama mstarini na mtupo wa masharti. Akifunga mmoja tu habari imeisha. Anakosa. NC State wanachukua ribaundi, mpira unapelekwa mbio, Michael O'Connell anarusha ya pointi tatu na muda unaisha, mpira unagonga ubao, unazama. Ovataimu, NC State 73-65. Sasa kumbuka hawa NC State walimaliza msimu wa kawaida wakiwa na 17-14, mechi nne za mwisho wamefungwa zote, wameingia mashindano ya ligi wakiwa namba 10. Walishinda mechi tano ndani ya siku tano, wakachukua kombe, wakafika mpaka Final Four. Nitawarudia.

Novemba na Desemba ndo kipindi ambacho rekodi inadanganya zaidi. Vyuo vikubwa vinawalipa vidogo makumi ya maelfu ya dola waje wafungwe, yaani kweli, ni mkataba, chuo kidogo kinakuja kinapigwa kwa tofauti ya pointi 35 kinarudi na hela ya kuendesha timu. Kwahiyo ukiona timu yako iko 9-1 usiagize jezi kwanza. Angalia imecheza wapi na nani. Mechi za maana kipindi hiki ni za viwanja huru, yale mashindano ya wiki ya Thanksgiving kama ya Maui kule Hawaii, na zile chache za ugenini. Ila saa nyingine mdogo anagoma. Desemba 1982 Chaminade, kachuo kadogo ka Honolulu, kalimfunga Virginia aliyekuwa namba 1 nchi nzima akiwa na Ralph Sampson ndani, na mashindano ya Maui yenyewe yalianza kutokana na mechi hiyo.

Namna ya kusoma hizi mechi: NCAA toka msimu wa 2018-19 wanatumia orodha yao inaitwa NET, inapanga timu zote, alafu kila mechi inawekwa kwenye fungu kati ya manne kutokana na mpinzani na mahali. Fungu la kwanza ndo la dhahabu, ni mpinzani wa 1 mpaka 30 ukiwa nyumbani, 1 mpaka 50 uwanja huru, 1 mpaka 75 ukiwa ugenini. Umeona hapo? Kumfunga timu ya 70 kwake kunahesabika sawa na kumfunga timu ya 25 kwako. Nunua daftari, chora mistari mitatu ya nyumbani, uwanja huru na ugenini, kila mechi andika matokeo na namba ya NET ya mpinzani kwa penseli, penseli nasema, maana namba inabadilika kila siku na ushindi wa Novemba unaweza kupanda au kushuka thamani mwezi wa pili bila timu yako kugusa mpira. Ile Top 25 ya shirika la habari la AP inayotoka Jumatatu ni ya waandishi wa habari wanapiga kura, nzuri kwa kubishania, kamati inayochagua timu za mashindano ya Machi haiitumii.

Januari ligi inaanza kwa nguvu na hapa usipende kuangalia pointi za mwisho peke yake. Timu moja inacheza kwa spidi inafunga 88, nyingine inatembea inafunga 61, huwezi kuzilinganisha hivohivo. Ken Pomeroy na tovuti yake ya KenPom ndo aliwazoesha watu kuhesabu pointi kwa kila umiliki 100 (umiliki ni kila zamu ya timu kuwa na mpira), na unaweza kufanya mwenyewe na kikokotoo cha simu. Chukua mirusho yote ya kawaida, iliyoingia na iliyokosa, toa ribaundi za kushambulia, ongeza mipira iliyopotezwa, ongeza mitupo huru mara 0.475. Tuseme timu yako imerusha 58, ribaundi za kushambulia 10, imepoteza mipira 12, mitupo huru 20. Inakuja 58 toa 10 ongeza 12 ongeza 9.5, jumla 69.5. Imefunga 75. Gawanya, zidisha kwa mia, ni kama 108. Hiyo ni nzuri tu. Fanya hivo na kwa mpinzani, utaanza kugundua vitu, mfano timu inashinda huku ulinzi unaoza taratibu, na kwenye gazeti wanaandika iko moto.

Ugenini kwenye ligi ni kugumu kweli, wanafunzi wanakaa nyuma ya goli, mabango, kelele, madogo wanakosa mitupo ambayo mazoezini wanafunga wamefumba macho. Timu ikigawana ugenini nusu kwa nusu mimi naihesabu imefanya kazi. Ikifungwa nyumbani na timu ya mkiani, hapo ndo weka alama nyekundu.

Kuhusu muda, kama unaangalia ukiwa Afrika Mashariki, mechi ya saa moja jioni ya New York ni saa tisa usiku, ya saa moja jioni ya California ni saa kumi na mbili asubuhi. Marekani wanasogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi kwahiyo ile saa tisa inakuwa saa nane, katikati kabisa ya msimu wa mtoano. Weka alamu upya, mimi nimeshaamka nikakuta nusu ya kwanza imeisha.

Machi sasa. Kila ligi ina mashindano yake na bingwa anaingia moja kwa moja kwenye yale makubwa ya timu 68 (ni 68 toka 2011, na nane zinaanzia Dayton, Ohio kugombania nafasi nne). Mwaka 2024 mabingwa wa ligi walikuwa 32, nafasi 36 zilizobaki kamati ikachagua na kutangaza Jumapili ya uteuzi. Hapo ndo daftari lako linalipa. Indiana State 2024 walikuwa 28-6, wamecheza kikapu kitamu msimu mzima, wakapoteza fainali ya ligi yao dhidi ya Drake, kamati ikawaacha nje. NC State wale wa 17-14 wakaingia kwa sababu walichukua kombe. Ushindi 28 nje, wenzao waliofungwa mara 14 ndani. Indiana State ushindi wao mwingi ulikuwa kwenye mafungu ya chini, na mtu mwenye daftari alikuwa anahofia hilo toka Februari.

Timu yako ikiingia, angalia imepangwa na nani kabla ya kuangalia namba yake. Virginia 2018 alikuwa namba 1 wa mashindano mazima akapigwa 74-54 na UMBC, namba 16, yaani wa chini kabisa kwenye kundi lake, kitu ambacho kwa wanaume kilikuwa hakijawahi kutokea. Walikuwa timu inayocheza polepole sana, umiliki mchache, na timu ya hivo ikipitwa kwa pointi kumi haina haraka ya kurudi. Mwaka uliofuata, kocha yuleyule, staili ileile, wakachukua ubingwa. Kwahiyo jiulize mpinzani anaweza kuilazimisha timu yako icheze spidi isiyoipenda? Kama jibu ni ndio, kaa mkao wa kuumia.

Na itatolewa tu, 67 kati ya 68 zinatolewa. Siku mbili tatu baadae usishangae nusu ya kikosi iko kwenye potali ya uhamisho (orodha ya wachezaji wanaotaka kuhama chuo) na kocha anahusishwa na chuo kingine. Daftari usitupe, majina yaleyale Oktoba utayakuta kwenye jezi nyingine, na mmoja wao ataifunga timu yako Januari.