Somo: Kudahili wanafunzi kwa simu ya ofisi, kuanzia posti ya kwanza hadi siku ya kuripoti

Somo hili ni la wenzangu wa ofisi za udahili katika vyuo vya Uganda, hasa vyuo vidogo vya binafsi nje ya Kampala visivyo na pesa za mabango wala matangazo ya redio. Mara nyingi mkuu wa chuo hununua simu moja, humkabidhi karani na kumwambia: "Tuweke mtandaoni." Baada ya hapo ukurasa hujaa picha za mahafali na maneno "kwa maelezo zaidi tupigie", na wanafunzi hawaji.

Msimamo wangu ni huu: picha humfanya mtu asimame kidogo, lakini anayeamua kulipa ni mzazi, na mzazi hulipa pale alipopewa hesabu yote mapema bila kuzungushwa. Kazi yetu mtandaoni ni kumpa hesabu hiyo.

HATUA YA 1: Kagua ithibati kabla ya kupiga picha

Fungua orodha ya kozi katika tovuti ya NCHE, Baraza la Taifa la Elimu ya Juu. Tafuta kila kozi unayotaka kutangaza, uangalie jina lake kamili, ngazi yake, na kama muda wake ungali hai. Mei 2023 orodha hiyo ilizua taharuki kubwa: kozi nyingi, hata za vyuo vikubwa vya umma, zilionekana muda wake umekwisha, na picha za skrini zikasambaa WhatsApp kwa kasi ambayo hakuna ofisi iliyoweza kuikimbiza. Wazazi wamejifunza tangu wakati ule. Siku hizi mzazi wa Tororo anakagua NCHE mwenyewe kabla hajakupigia.

Kozi ikiwa bado inapitiwa, usiitangaze. Na tumia jina lilelile lililo katika orodha. Ukiita "Diploma ya Biashara ya Kisasa" kitu kilichosajiliwa kwa jina jingine, umempa mzazi sababu ya kukutilia shaka.

HATUA YA 2: Jua simu iko mikononi mwa nani, na mwezi gani

Hapa ndipo juhudi nyingi zinapotea. Mwanafunzi wa S.6, mwaka wa mwisho wa sekondari, yuko bweni, na shule nyingi haziruhusu simu. Mtihani wa UACE, ule wa kumaliza S.6, huanza Novemba, na watahiniwa hutoka mapema Desemba. Kwa hiyo video nzuri unayoiweka Septemba ukimlenga yeye, haioni. Anayeiona Septemba ni mzazi, mjomba, dada aliyemaliza, na mwalimu wa S.6 ambaye ushauri wake una uzito kuliko tangazo lolote.

Basi panga hivi. Julai hadi Novemba, zungumza na wazazi na walimu: ada, usalama wa hosteli, ithibati. Desemba hadi matokeo yatoke, ambayo kwa kawaida ni Februari au Machi, zungumza na mwanafunzi aliye nyumbani likizo ndefu: kozi yenyewe ikoje, siku ya darasani inaendaje, nani anaajiriwa wapi. Wiki ya matokeo, acha mambo mengine yote ujibu maswali ya sifa za kujiunga. Baada ya hapo unabaki na miezi mirefu hadi muhula wa Agosti, na katika miezi hiyo ndipo waliokwisha kuomba wanakupotea. Nitarudi huko katika Hatua ya 7.

HATUA YA 3: Chagua mitandao miwili tu

WhatsApp na TikTok zinatosha kwa chuo kidogo. Facebook ilifungwa nchini Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, na watu wakazoea kuingia kwa VPN. Ukurasa wako wa huko ubaki kwa ajili ya ndugu walio nje ya nchi. X ni ya waandishi wa habari na wanasiasa zaidi kuliko ya mtoto anayetafuta chuo.

Kumbuka bando. Kodi ya OTT, ile ya shilingi 200 kwa siku kwa kutumia mitandao ya kijamii, ilianza Julai 2018 na ikaondolewa 2021, lakini nafasi yake ikachukuliwa na ushuru wa asilimia 12 juu ya data. Kitabu cha PDF chenye kurasa arobaini na picha za mkuu wa chuo kinakula pesa ya mtu. Tuma maandishi. Akitaka picha, tuma moja.

HATUA YA 4: Andika ada yote hadharani

Ukikosa muda wa hatua nyingine zote, fanya hii. Posti inayosema "ada nafuu, njoo inbox" inamwambia mzazi kwamba kuna kitu kinafichwa, na mara nyingi ni kweli. Anaambiwa 650,000, anauza mbuzi wawili, anafika siku ya kusajili na kukuta usajili, mtihani, kitambulisho na mengine ambayo hakuna aliyemtajia. Mtoto anarudi nyumbani. Kisha anasimulia kijiji kizima.

Huu hapa mfano wa posti. Namba ni za mfano, weka zako. Prinsipo ni ufaulu kamili wa somo, A hadi E; sabsidiari ni ufaulu mdogo, O; kikao kimoja ni mtihani wa mwaka mmoja:

"DIPLOMA YA UHASIBU. Miaka 2. Masomo yanaanza Agosti.
Sifa: prinsipo 1 na sabsidiari 2 za UACE, kikao kimoja.
Ada ya masomo kwa muhula: 650,000
Usajili: 50,000
Mtihani kwa muhula: 80,000
Kitambulisho, mara moja: 20,000
Ada ya NCHE kwa mwaka: 20,000
JUMLA YA MUHULA WA KWANZA: 820,000
Hosteli si lazima: 350,000 kwa muhula, chakula hakimo.
Unasajiliwa ukilipa nusu ya ada ya masomo. Salio ni kabla ya mtihani.
Malipo ni BENKI TU, kwa namba ya malipo utakayopewa na chuo. Hakuna mfanyakazi anayepokea pesa kwa simu yake."

Angalia mstari wa jumla. Usimwachie mzazi ajumlishe. Angalia pia "chakula hakimo": maneno mawili, lakini yanazuia ugomvi wa mwezi wa kwanza. Mhasibu wa chuo asome posti hii na kuipitisha kabla haijatoka, maana yeye ndiye atakayekuwa dirishani siku ya kulipa.

Wakuu wa vyuo wengine huogopa kwamba chuo jirani kitaona ada na kupunguza yake. Chuo jirani kinaijua ada yako tayari, kina wanafunzi waliohama kutoka kwako.

HATUA YA 5: Tayarisha simu yenyewe

Weka WhatsApp Business, ni bure. Andaa majibu ya haraka kwa maswali yanayorudi kila siku: ada, sifa, njia ya kufika, hosteli, tarehe. Tumia lebo: "ameuliza", "ameomba", "amepewa barua", "amelipa". Bila lebo utamtumia fomu mtu aliyekwisha kulipa, naye ataona hakuna anayemjua.

Orodha ya matangazo inabeba watu 256, na ujumbe unamfikia yule tu aliyehifadhi namba yako. Kwa hiyo jibu lako la kwanza liishie na ombi: "Tafadhali hifadhi namba hii kwa jina la chuo ili upate tarehe zetu."

Jibu siku hiyohiyo. Anayeuliza saa tatu usiku anauliza wakati huo kwa sababu ndipo familia ilipokaa pamoja. Ukishindwa kukesha, weka ujumbe wa kiotomatiki unaotaja saa utakayojibu, kisha itimize.

HATUA YA 6: Sauti na video

Mzazi asiyesoma vizuri Kiingereza atasikiliza ujumbe wa sauti wa dakika moja na nusu hadi mwisho. Rekodi maelezo ya ada kwa Kiswahili, Kiganda, Lugisu au lugha yoyote ya eneo lako, kwa sauti ya mtu mzima anayeamkia kwanza. Ujumbe wa namna hiyo unasafiri katika makundi ya ukoo na ya SACCO bila wewe kulipa kitu.

Kwa TikTok, mpe mwanafunzi wa mwaka wa pili simu aonyeshe maabara ilivyo leo. Kama darubini ni tatu, zionekane tatu. Aliye chini ya miaka 18 asionekane bila idhini ya mzazi. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inatubana sisi pia.

Na mtu asitakiwe kuweka karatasi ya matokeo kwenye grupu. Namba yake ya mtihani imo humo, na yeyote mwenye namba hiyo anaweza kuituma kwa SMS 6600 akasoma alama zake zote. Karatasi ije faragha kwa namba ya ofisi, na ifutwe kwenye simu ikishaingizwa kwenye faili.

HATUA YA 7: Usimwache baada ya barua

Barua ya udahili ikishatoka, mfungulie grupu la kozi yake, lenye karani mmoja na mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili. Kila wiki tuma kitu kimoja chenye manufaa: orodha ya vitu vya kuja navyo, nauli ya teksi kutoka stendi, tarehe ya mwisho ya kulipa nusu. Zima uwezo wa wanachama kubadilisha jina na picha ya grupu. Matapeli hupenda kuiga jina la karani na kuwaandikia watoto pembeni "tuma 100,000 nikushikie nafasi". Rudia mstari wa benki mara kwa mara hata kama wanauchoka.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Busia: Mwalimu, napata vijana wengi wa upande wa Kenya wenye KCSE, cheti chao cha kidato cha nne. Niwaambie waje tu?

Usiwaambie waje tu. Mfumo wao wa 8-4-4 hauna kidato cha tano na sita, kwa hiyo KCSE peke yake si sawa na UACE. Mwelekeze kwanza UNEB, baraza la mitihani la Uganda, akalinganishiwe cheti chake. Kuna pia programu ya HEAC, cheti cha maandalizi cha mwaka mmoja, inayotambuliwa na NCHE kama njia ya kuingilia chuo kikuu. Yaandike hayo kwenye posti yako ya wanafunzi wa Kenya, pamoja na muda na gharama, kabla hawajapanda basi. Na wale wa Tanzania wanaokuja kusoma digrii, wakumbushe kuulizia TCU, tume ya vyuo vikuu ya kwao, cheti cha kutokuwa na pingamizi kabla ya kuondoka kwao.

Mwalimu wa shule ya sekondari, Mbale: Shikamoo. Mwanafunzi wangu ana D, E na O. Vyuo viwili vimemjibu tofauti WhatsApp. Ukweli ni upi?

Marahaba mwalimu. A hadi E ni prinsipo, O ni sabsidiari. Ana prinsipo mbili. Kama ni za kikao kimoja, ametimiza kiwango cha chini cha digrii. Kupata kozi anayoitaka ni jambo jingine, kwa sababu alama zinapimwa kwa uzito: somo la msingi la kozi linazidishwa kwa 3, linalohusiana kwa 2, linalopendelewa kwa 1, na mengine kwa nusu. D ni pointi 3, kwa hiyo ikiangukia somo la msingi inampa 9. Ikiangukia linalohusiana inampa 6. Ndiyo maana majibu yalitofautiana, kila chuo kilikuwa kinafikiria kozi yake. Karani anayejibu "hafai" bila kuuliza kozi gani, amemnyima mtoto haki.

Dada wa kujitolea, Nakivale: Kaka, hapa kambini tuna vijana wa Kongo wenye diplôme d'État, cheti chao cha kumaliza sekondari. Kiswahili wanakijua, Kiingereza kidogo. Vyuo haviwajibu.

Dada, asante kwa kuwasemea. Cheti chao kinatolewa kwa asilimia, kwa hiyo nacho kinahitaji kulinganishwa UNEB, pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Chuo kinachotaka kuwahudumia kirekodi maelezo kwa Kiswahili chao na kiseme wazi kwamba masomo ni kwa Kiingereza, na kama kuna darasa la lugha au hakuna. Wafuatilie pia ufadhili wa DAFI, ulio chini ya UNHCR kwa ajili ya wakimbizi wanaosoma elimu ya juu. Namba ya kuomba waipate kwenye ofisi za kambi, wasiipate kwa mtu wa WhatsApp.

Mwanachama, Lira: Wazazi wanauliza mkopo wa serikali. Naweza kuutaja kwenye tangazo?

Ni mkopo wa HESFB, bodi ya mikopo ya wanafunzi iliyoundwa kwa sheria ya 2014. Unahusu raia wa Uganda, na chuo chako na kozi yako lazima viwe katika orodha yao. Unalipia ada ya masomo na ada za chuo. Hosteli na chakula havimo. Kama chuo chako hakimo, nyamaza kabisa kuhusu mkopo.

Mwanachama, Kasese: Tuwatumie mawakala? Wanataka kulipwa kwa kila fomu.

Kwa kila fomu, hapana. Watajaza majina ya binamu zao. Lipa mtu akishasajiliwa na kuingia darasani, na majina ya mawakala wote yawekwe kwenye ukurasa wa chuo ili mzazi ahakikishe. Wakala asiyekubali jina lake lionekane, msiachane naye kesho, achaneni naye leo.

Mwanachama, Kampala: Chini ya video yetu mwanafunzi ameandika matokeo yake ya muhula hayajatoka, na wengine wanamuunga mkono. Mkuu anataka tufute maoni yote.

Msifute. Wazazi wameshayasoma, na kimya chenu kitasomwa pia. Nenda kwa msajili leo, uliza matokeo ya darasa hilo yamekwama wapi na yatatoka tarehe gani. Mjibu mwanafunzi palepale alipoandika, kwa heshima, ukitaja ofisi na tarehe hiyo. Siku ikifika, rudi chini ya maoni yaleyale uandike kwamba yametoka. Yasipotoka, andika hivyo pia, na mtaje mkuu wa idara anayeshughulikia kwa cheo chake.